Kupima damu inayopita ndani ya mfupa: jibu kwa msomaji wa Mtwara

Aliyeuliza ni fundi sanifu wa maabara ya mifugo mjini Mtwara, anayefanya utafiti wa shahada ya uzamili. Anataka kujua bamba la chuma linapofungwa kwenye muundi wa mbuzi linapunguza damu ya mfupa kwa kiasi gani, akilinganisha na muundi wa mguu wa pili. Msimamizi wake amemshauri atumie vishanga vya mionzi (punje ndogo mno za plastiki zinazoingizwa kwenye damu), rafiki yake amemwambia leza inatosha. Maabara yake ina hadubini, spektrofotomita (kifaa cha kupima ukali wa rangi ya kimiminika), oveni na mashine ya kuzungushia sampuli, lakini haina mashine ya kuhesabu mionzi. Anauliza afuate lipi, na kama sampuli anaweza kuzihifadhi na kuzipeleka Morogoro.

Dada yangu, msimamizi wako amepatia kuhusu vishanga. Ila visiwe vya mionzi, viwe vya rangi. Na kwa mfupa mgumu usivisome kwa spektrofotomita, vihesabu kimoja kimoja kwa hadubini. Sababu nitazieleza, kwa maana ukizijua hata kifaa kikibadilika hutapotea.

Tuanze na leza. Leza ya Doppler hupeleka mwanga kwenye tishu na kusoma jinsi chembe nyekundu zinazotembea zinavyoubadilisha mwanga unaorudi. Ni nzuri kwa kujibu swali la "hapa damu ipo au haipo", ndiyo maana madaktari wa mifupa huitumia kutafuta mpaka wa mfupa uliokufa. Lakini haioni zaidi ya milimita 3 hivi ndani ya mfupa, na namba inayotoa ni ya kizio cha kifaa chenyewe, si mililita kwa dakika. Ncha ikisogea kidogo tu namba inaruka. Utando mwembamba wa damu juu ya mfupa nao unasomwa kama damu ya mfupa. Ukiipata kwa kuazima, itumie kama shahidi wa pili: ncha ishikwe na kishikio, si mkono, uso usafishwe kwa salaini, usome kwa dakika moja, kisha ufunge mguu kwa mpira usome tena, maana hata damu ikisimama kifaa hakifiki sifuri. Ripoti uwiano wa mguu na mguu. Usijaribu kuugeuza kuwa mililita.

Njia za dawa za nyuklia ziweke kando. Teknesiamu-99m hupungua kwa nusu kila saa 6, na basi la kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara likichukua saa 9, inayofika ni kama theluthi moja ya iliyoondoka. Floridi-18, ambayo ndiyo bora zaidi kwa mfupa kwa sababu mfupa huinyakua karibu yote damu ikiwa ya kasi ndogo, hupungua kwa nusu kila dakika 110. Kwa safari hiyo hiyo itafika chini ya asilimia 4. Na vyote hivyo, pamoja na vishanga vya mionzi, vinadai kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, chumba maalumu na mahali pa kutunzia taka. Watafiti wa zamani walivipenda vishanga vya mionzi kwa jambo moja la haki kabisa: mfupa uliwekwa mzima kwenye mashine na kusomwa, bila kuyeyushwa. Ugumu wote wa njia ya rangi uko hapo kwenye kuyeyusha, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Vishanga vya plastiki ya polistirini vyenye kipenyo cha mikroni 15 vinamiminwa upande wa kushoto wa moyo, vinachanganyika na damu, na kila tishu inapata vishanga kwa kadiri ya damu inayoipata. Haviwezi kupita kwenye kapilari, mishipa ya damu iliyo midogo kabisa, kwa hiyo vinakwama hapo hapo. Wakati huo huo pampu inavuta damu kutoka kwenye ateri moja kwa kasi unayoijua. Hiyo pampu ni kama kiungo cha bandia ambacho mtiririko wake unajulikana. Basi damu ya tishu ni idadi ya vishanga vya tishu, mara kasi ya pampu, gawanya kwa idadi ya vishanga vya pampu. Usinunue vya mikroni 10 kwa sababu ni rahisi. Kwenye mfupa vingi vitapenya na kutokea upande wa vena.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi mpaka mbuzi ameshachinjwa. Ili kosa la bahati lisizidi asilimia 10, sampuli inatakiwa iwe na vishanga 400 hivi. Mfupa mgumu wa katikati ya muundi hupata damu kidogo mno, mililita 1 hadi 5 kwa dakika kwa kila gramu 100, wakati mfupa wa sponji na uboho mwekundu hupata mara kadhaa ya hapo. Chukua mbuzi wa kienyeji wa kilo 25, moyo wake ukisukuma tuseme lita 2.5 kwa dakika. Ukimwingizia vishanga milioni 10, gramu 1 ya mfupa mgumu yenye mtiririko wa mililita 2 kwa gramu 100 itapata vishanga 80 tu, na kosa lake ni zaidi ya asilimia 20. Gramu 5 zitapata 400. Kwa hiyo sampuli yako ndogo kabisa ni gramu 5. Usiikate mifupa vipande vidogo vidogo ili upate ramani nzuri. Ramani hiyo itakuwa ya bahati nasibu. Wala usiongeze vishanga hadi milioni 50, kwani kila kishanga kinaziba kapilari moja na mwisho utapima madhara ya vishanga vyenyewe.

Kwa swali lako hilo lina maana kubwa. Theluthi mbili za ndani za mfupa mgumu hulishwa na ateri inayoingia kwenye uboho. Theluthi ya nje hupata damu kutoka kwenye utando wa mfupa, hasa pale misuli inapojishika. Bamba linakandamiza huo utando. Basi ugawe mfupa ulio chini ya bamba kwa pande mbili tu: upande wa bamba na upande wa mkabala. Ukichanganya zote mbili, upungufu wa upande mmoja utafichwa na upande wa pili.

Kabla ya siku ya mbuzi hai, nenda buchani ununue miguu ya mbuzi. Hii si hiari. Safisha muundi, kata vipande vya gramu 5, weka kila kimoja kwenye chupa pamoja na vishanga 2,000 ulivyovihesabu, kisha fuata kazi yote ya kuyeyusha na kuchuja. Usipovipata tena angalau 1,600, rudia mpaka ujue vinapotelea wapi. Jaribio hilo litakuonyesha pia kama rangi uliyonunua inapauka kwenye asidi.

Siku ya kazi, mbuzi asile kwa saa 12 hadi 24. Mnyama anayecheua akilala kwa nusukaputi tumbo hujaa gesi, gesi hubana vena kubwa na kiwambo, na mtiririko wa mwili mzima hubadilika kabla hujaanza. Mwekee mrija wa tumbo na mlaze ubavu. Mbuzi huathirika upesi mno na zailazini, dawa ya kutuliza mnyama. Dozi ya ng'ombe itashusha mapigo na presha, na damu ya mfupa ni miongoni mwa zinazokatwa mapema mwili unapobana matumizi. Joto lake liwe nyuzi 38.5 hadi 39.5 muda wote. Watu wa pwani husahau hili kwa kudhani joto la chumba linatosha, kumbe mnyama aliyelala chini ya feni hupoa haraka.

Katheta (mrija mwembamba) ya kuingizia ipite kwenye ateri ya shingo hadi ventrikali ya kushoto. Uthibitisho ni presha: ikiwa bado iko kwenye aota (ateri kuu itokayo moyoni), presha ya chini haishuki karibu na sifuri, ikishaingia ventrikali, inashuka. Katheta ya kuvutia damu iweke kwenye ateri ya mguu wa mbele. Ukiiweka kwenye ateri ya paja, umeuharibu mtiririko wa mguu ule ule unaoupima, na kosa hilo hutalifidia kwa hesabu yoyote.

Vishanga hukaa kwenye friji na havigandishwi; vikiganda vinashikamana. Vikisafirishwa kwa basi viwe kwenye boksi la baridi lakini visiguse barafu. Siku hiyo vitikise kwa mashine kwa dakika 2, viweke kwenye bafu la mawimbi ya sauti dakika 5, tikisa tena, kisha toa tone uliangalie kwa hadubini. Ukiona vimeshikana viwili viwili au mafungu, usiingize. Fungu moja la vishanga vitano linaziba ateri ndogo ambayo kishanga kimoja kingeipita, na halitagawanyika sawasawa na damu. Tween 80 (aina ya sabuni ya maabara) kidogo sana, asilimia 0.01 hadi 0.05, husaidia visishikane. Ukizidisha presha ya mnyama inaweza kushuka.

Washa pampu ya kuvuta sekunde 15 kabla. Ingiza vishanga taratibu kwa sekunde 20 hadi 30, sukuma na salaini ya uvuguvugu mililita 10, pampu iendelee hadi zitimie dakika 2.5 tangu ilipowashwa. Kasi iwe kama mililita 5 kwa dakika. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye pampu: pima bomba la sindano kabla, likiwa na heparini yake ya kuzuia damu isigande, na baada. Ukipata gramu 13.65 za damu, gawanya kwa 1.05 ambao ndio uzito wa mililita moja ya damu; ni mililita 13, na kwa dakika 2.5 kasi ya kweli ni 5.2. Ukishapima ndipo usuuze mrija na kuuingiza kwenye sampuli, maana vishanga hung'ang'ania ukutani. Pampu iwe na betri. Umeme ukikatika sekunde ya arobaini hakuna namna ya kulirudia jaribio lile kwa kishanga cha rangi ile.

Mnyama akishauawa kwa utaratibu uliokubaliwa, toa pia figo zote mbili. Chukua vipande vya figo kulia na kushoto, vihesabu. Vikitofautiana zaidi ya asilimia 15, vishanga havikuchanganyika vizuri na mbuzi huyo aondolewe kwenye matokeo, hata kama mifupa yake inakupa jibu unalolitaka.

Muundi usafishe nyama yote. Utando wa mfupa uubandue na kuuweka kwenye chupa yake. Uboho uukwangue kwa kijiko chembamba na kuuweka kando. Ukiusukuma kwa maji utapoteza vishanga kwenye sinki. Msumeno uwe wa mkono, na unga wa mfupa uukusanye kwenye karatasi chini. Msumeno wa umeme wa bucha hutoa joto, na polistirini hulainika karibu na nyuzi 100. Pima uzito mara moja, mfupa haujakauka.

Sasa kuyeyusha. Madini ya mfupa yanataka asidi, nyama ya mfupa inataka alikali, na hizo mbili hazikai pamoja. Anza na asidi ya haidrokloriki ya mola 2. Gramu 5 za mfupa mgumu zina madini gramu 3 na kitu. Kuyayeyusha kunahitaji angalau mililita 25 za asidi hiyo, kwa hiyo weka 60 ili ibaki na nguvu. Imimine kidogo kidogo, chupa iwe na nafasi tupu, kwa sababu kaboneti ya mfupa hutoa gesi na povu linapanda. Povu likivuka mdomo wa chupa limebeba vishanga, na hakuna atakayekwambia. Iache kwenye joto la chumba siku 1 hadi 2, ukibadilisha asidi mara moja. Ile ya kwanza usiimwage, nayo inachujwa.

Kujua kama madini yamekwisha, sindano kupenya haitoshi. Chukua mililita 5 za asidi ya mwisho, iliyochujwa, uizimue kwa amonia hadi isiwe tindikali, ongeza mililita 5 za amoniamu oksaleti iliyokolea. Ikiwa ukungu mweupe unatokea, kalisiamu bado ipo, badilisha asidi. Nasisitiza hapa kwa sababu kalisiamu iliyobaki ndiyo inayoharibu kazi za wengi: ukishatia alikali, inaungana na mafuta ya uboho na kuwa sabuni isiyoyeyuka, utando mweupe unaoziba chujio na kuficha vishanga. Likikutokea hilo, EDTA, kemikali inayoshika kalisiamu, iliyorekebishwa hadi pH 8 huusafisha utando kwa sehemu.

Suuza kwa maji mara tatu, maji yote yakipita kwenye chujio. Kisha potasiamu haidroksaidi ya mola 4 yenye Tween 80 asilimia 2, oveni nyuzi 60, usiku kucha. Kwa lita moja ni gramu 264 ikiwa chupa inaonyesha usafi wa asilimia 85. Upime haraka na ufunge kopo. Kwa unyevu wa pwani ya Mtwara na Lindi vipande hivyo hunywa maji ya hewani mbele ya macho yako, na gramu unazodhani ni za alikali sehemu yake ni umande. Damu ya pampu, figo na uboho haviendi kwenye asidi, vinaanza moja kwa moja na alikali.

Mashine ya kuzungusha usiitegemee. Polistirini ina uzito wa 1.05 kwa mililita. Alikali ya mola 4 ni kama 1.18, kwa hiyo vishanga vinaelea juu, na wewe unamwaga juu ukidhani viko chini. Asidi iliyoshiba madini nayo ni nzito. Ongeza maji ya moto mara kumi ya ujazo, kisha chuja kwenye kitambaa cha poliamidi chenye matundu ya mikroni 10. Chuja kikiwa cha moto, maana sabuni ya uboho ikipoa inaganda kama uji. Vitambaa vya poliesta huliwa na alikali ya moto, na poliamidi huliwa na asidi kali. Ndiyo sababu nyingine ya kuongeza maji kwanza.

Kila chupa, ikiwemo ya damu ya pampu, kabla ya kuyeyusha iwekewe vishanga 2,000 vya rangi nyingine, mathalani vyekundu, ambavyo havikuingia kwa mnyama. Hivyo ndivyo vitakavyokwambia ngapi vimepotea. Kisha kata kitambaa, kiweke kwenye kioo na tone la gliserini, hesabu rangi zote mstari kwa mstari. Vishanga 400 vilivyoyeyushiwa rangi yake kwenye kimiminika vitatoa usomaji hafifu sana kwenye spektrofotomita, huku jicho likiviona wazi. Tena unaepuka dimethilfomamidi, kiyeyushi cha kutolea rangi kwenye vishanga, inayopenya ngozi na kudhuru ini. Damu ya pampu ina vishanga vingi mno kuvimaliza kwa jicho. Vikusanye kwenye mililita 0.2, utumie chumba cha kuhesabia cha Fuchs-Rosenthal, ujaze si chini ya mara nne, ukitikisa kila mara.

Mfano: kipande cha gramu 5 kimetoa vishanga vya bluu 416 na vyekundu 1,600. Vilivyopatikana ni asilimia 80, kwa hiyo vya bluu vilikuwa 520. Damu ya pampu, baada ya marekebisho yake, ina 20,800. Basi 520 mara 5.2, gawanya 20,800, ni mililita 0.13 kwa dakika. Kwa gramu 100 ni 2.6. Bila vile vyekundu ungeandika 2.08 na kudai bamba limepunguza damu kwa moja ya tano, kumbe ni chujio.

Kuhusu mguu wa pili kama mlinganisho: mbuzi mwenye bamba huuegemea zaidi mguu usio na bamba, na mzigo huo nao hubadilisha damu yake. Tafuta mbuzi wachache wasiofanyiwa chochote uone kulia na kushoto kwao kunatofautiana kiasi gani. Ikiwa umekata mfupa pia, kumbuka mfupa uliovunjika huongezewa damu kwa wiki mbili za mwanzo hivi, kwa hiyo kundi la siku ya 3 na kundi la siku ya 14 haviwekwi kwenye wastani mmoja. Kibali cha kamati ya maadili ya chuo kitangulie vyote, na mpango wako wa nusukaputi na wa kumuua mnyama uandikwe kwa kuzingatia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Sampuli za kupeleka Morogoro zigandishe tu, kila moja kwenye chupa yake iliyokwisha kupimwa uzito; vyekundu viwekwe huko huko kabla ya kuyeyusha, visigandishwe. Kuganda ndani ya tishu hakuna madhara, kwani hapo vishanga vimeshafika vilipotakiwa. Formalini usiitumie hata kwa siku moja: inafunga protini, na alikali itashindwa kuimeng'enya nyama ya mfupa. Kama unataka pia picha za hadubini za mfupa huo, kata kipande chao mwanzo kabisa, kabla hujapima uzito wa kile cha kuhesabia.